Pate inavyotufunza kuuliza na kusikiliza katika utafiti

KILA muhula wa kuandika mapendekezo ya utafiti unapowadia, wanafunzi wa taaluma ya mawasiliano hunijia na swali lilelile: "Profesa, nihoji watu wangapi?" Ni swali la haki na nitalijibu hapo chini. Ila huulizwa mapema mno. Kabla ya kuhesabu vichwa, mwanafunzi anapaswa kujua kule aendako watu huulizana vipi, nani ana ruhusa ya kumwuliza nani, na jibu lenyewe hutoka baada ya maneno mangapi.

Makala ya leo yanahusu namna ya kujifunza utafiti wa kithamano, na mfano wangu ni kisiwa cha Pate katika Kaunti ya Lamu. Nimekichagua kwa sababu mbili. Kwanza, kisiwa hicho kimefikiwa na watu wa kuuliza maswali kwa zaidi ya miaka mia moja: maafisa wa kikoloni, wanaisimu, wanahistoria, wanaakiolojia na wanahabari. Tunaweza basi kupima ni njia zipi za kuuliza zilizozaa matunda. Pili, wenyeji wa funguvisiwa la Lamu wameiona kwa macho yao gharama ya kutosikilizwa.

Jina na maana

Tuanze na istilahi. Wapo wanaosema utafiti wa kithamano, wapo wanaosema wa kimaelezo, na wengine, hasa Tanzania, husema wa kitaamuli. Mimi darasani hutumia "kithamano". Neno "kimaelezo" si baya, lakini linampa mwanafunzi mvivu mwanya wa kudhani kwamba kazi yake ni kueleza tu alichokiona, basi. Kueleza ni mwanzo. Kinachotakiwa ni kufasiri.

Utafiti wa kiidadi huuliza: ngapi, mara ngapi, kwa kiasi gani? Wa kithamano huuliza: vipi, kwa nini, na kwa maana gani kwa wahusika wenyewe? Hojaji inaweza kutuambia ni watu wangapi mjini Faza husikiliza taarifa ya habari redioni. Haiwezi kutuambia taarifa hiyo inapofika barazani baada ya sala ya magharibi nani huiamini, nani huipinga, nani hunyamaza kwa heshima, na wanawake ndani ya nyumba huipata ikiwa imegeuka vipi. Hayo ndiyo mawasiliano yenyewe. Dell Hymes, aliyeasisi ethnografia ya mawasiliano katika miaka ya 1960, alisisitiza kwamba hatuielewi kauli mpaka tujue mahali, wahusika, lengo, toni na kanuni za tukio la mazungumzo.

Watu wa Pate wanalijua jambo hilo bila ya Hymes. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa kisiwa hicho, alipotunga utendi wake mwaka 1858, alimwelekezea binti yake. Nani anasema na nani ni sehemu ya maana. Utendi huo ukiuchambua kana kwamba ni hotuba kwa umma, umeusoma kombo.

Gharama ya kutosikiliza

Wako wanaodhani mambo haya ni ya darasani tu. Hebu tutazame kesi mbili zilizoamuliwa hadharani.

Mwaka 2018, Mahakama Kuu ilitoa uamuzi katika kesi iliyowasilishwa na wakazi wa Lamu kuhusu ujenzi wa bandari mpya, sehemu ya mradi wa LAPSSET. Mahakama iliona kwamba haki za wenyeji zilikiukwa, zikiwemo haki ya mazingira safi, ya utamaduni wao na ya kupata habari na kushirikishwa. Iliagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni.

Mwaka uliofuata, tarehe 26 Juni 2019, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni ya mradi wa kuzalisha umeme wa megawati 1,050 kwa makaa ya mawe huko Lamu. Sababu mojawapo kuu ilikuwa ushirikishwaji wa umma. Mikutano ilikuwa imefanyika, ndiyo. Lakini mahakama iliona kwamba ilikuwa ya utangulizi tu. Baada ya ripoti ya athari za mazingira kukamilika, wananchi hawakupata nafasi ya kutosha ya kuielewa na kuitolea maoni.

Kwa mwanafunzi wa mawasiliano, hapo pana somo zima. Orodha ya waliohudhuria mkutano ni takwimu. Ina majina, sahihi na nambari za simu. Haituambii waliohudhuria walielewa nini, waliuliza nini, au walinyamaza kwa sababu gani. Maswali hayo ni ya kithamano, na yasipojibiwa, jamii nzima inaweza kuhesabiwa kuwa imekubali jambo ambalo haikulielewa.

"Alhamdulillahi" si jibu la dodoso

Chukua mfano huu, ambao nimeutunga kwa ajili ya darasa. Mwanafunzi kutoka Nairobi anamkuta mzee mvuvi ameketi akishona wavu. Anatoa salamu moja, anawasha kinasasauti na kuuliza: "Mzee, ujenzi wa bandari umekuathiri vipi kiuchumi?"

Mzee anajibu: "Alhamdulillahi, mwanangu. Twashukuru."

Mwanafunzi anaandika: "Mhojiwa hakuathirika." Kisha anaenda kwa mhojiwa wa pili.

Sasa, mzee amesema nini? Hajajibu swali. Amefungua mlango wa mazungumzo kama adabu inavyotaka. Kwa Mwislamu wa pwani, kumshukuru Mungu ndilo neno la kwanza, hata kwa aliyefiwa jana. Malalamiko hayatangulizwi mbele ya mgeni ambaye hajakaa wala hajanywa maji. Angesubiri, akauliza habari za watoto, habari za bahari, habari za upepo, huenda baada ya nusu saa angesikia: "Kule tulikokuwa tukitega hakwendeki tena. Sasa ni kutoka nje, na chombo changu si cha kutoka nje." Hiyo ndiyo data. Na imekuja bila neno "kiuchumi" kutajwa.

Charles Briggs aliandika kitabu kizima mwaka 1986 kuhusu jambo hili: kujifunza namna ya kuuliza. Hoja yake ni kwamba mahojiano si dirisha safi la kuchungulia mawazo ya mtu. Mahojiano ni tukio la mazungumzo lenye kanuni zake, na kanuni za mtafiti mara nyingi zinagongana na za mwenyeji. Kwa hiyo mtafiti aanze kwa kujifunza jinsi jamii yenyewe inavyopashana habari, ndipo atunge maswali.

Hata kalenda inaweza kutukwamisha. Hojaji nyingi huuliza: "Kwa mwezi unapata shilingi ngapi?" Mvuvi wa Kizingitini haishi kwa mwezi wa mshahara. Mwaka wake una kaskazi na kusi. Ndani ya mwezi wenyewe kuna bamvua na maji mafu. Wakati wa kusi bahari inachafuka na vyombo vidogo hukaa pwani siku nyingi. Ukimlazimisha akupe wastani, atakupa nambari yoyote ili muachane kwa amani. Mwambie badala yake: "Nieleze mwaka wako, tangu kaskazi inapoingia." Utapata siku za neema na za dhiki, madeni, wanunuzi, na ujuzi wa bahari ambao hukuwa na habari nao hata uuulizie.

Lipo pia suala la nani anauliza. Mwanafunzi wa kiume hawezi tu kubisha hodi na kuketi ndani na wanawake asiowajua. Akihoji wanaume watano wa barazani kisha akaandika "maoni ya jamii ya Siyu", amefuta nusu ya Siyu. Ndiyo maana mbinu sehemu yake hupangwa kwa kuangalia mtafiti mwenyewe: jinsia yake, umri wake, lahaja yake, na aliyemleta. Yote hayo yaandikwe katika tasnifu, maana yanaathiri anachoambiwa.

Mashahidi wengi, chanzo kimoja

Tukipita kwenye mahojiano tunafika kwenye vyanzo. Vitabu vya mbinu husisitiza kwamba mtafiti alinganishe ushahidi wa njia mbalimbali: mahojiano, uchunzaji, nyaraka, vitu. Wanafunzi huandika hivyo katika sura ya tatu bila kufikiri sana. Pate inatupa mfano wa kuonyesha ugumu wake.

Ipo tarikhi mashuhuri ya masultani Wanabahani wa Pate. C. H. Stigand aliitoa kwa Kiingereza katika kitabu chake cha 1913, na Alice Werner akachapisha matini ya Kiswahili na tafsiri yake katika jarida la kitaaluma mwaka 1914 na 1915. Zipo nakala nyingine pia. Mwaka 1993 Marina Tolmacheva alihariri na kuchapisha miswada minne iliyohifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Anayeona wingi huo anaweza kusema: "Mashahidi wengi wamekubaliana, basi ni kweli." Subiri kidogo. Nakala nyingi kati ya hizo zinarudi kwa msimulizi mmoja, Bwana Kitini, ambaye mwenyewe alikuwa wa ukoo wa Wanabahani. Watu kumi waliosikia habari kwa mtu mmoja ni shahidi mmoja.

Neville Chittick aliliona tatizo hilo. Katika makala yake ya 1969 alitilia shaka mpangilio wa miaka katika tarikhi hiyo kwa kuulinganisha na ushahidi wa kiakiolojia na wa maandishi mengine. Baadaye uchimbaji zaidi, uliochapishwa na Thomas Wilson na Athman Lali Omar mwaka 1997, ulionyesha kwamba mji wa Pate ulikaliwa mapema kuliko Chittick alivyodhani. Kwa hiyo hata ardhi ilihitaji kuulizwa mara ya pili. Na kisiwani humohumo, huko Shanga, Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 na kukuta msikiti juu ya msikiti mahali pamoja, wa mwanzo ukiwa wa miti, wa karne ya 8. Hakuna msimulizi angeweza kumwambia hilo, wala udongo usingeweza kumwambia Bwana Kitini alitaka ukoo wake ukumbukwe vipi.

Hapa mwanafunzi wa mawasiliano anatofautiana na mwanahistoria. Mwanahistoria huuliza: je, tarikhi inasema kweli? Sisi tunaongeza: ilisimuliwa na nani, kwa nani, wakati gani, ili itende nini? Masimulizi yenye miaka isiyo sahihi bado ni data njema kuhusu fahari, uhalali wa utawala na kumbukumbu.

Swali linalobeba jibu lake

Masimulizi mengine ya Pate yametembea mbali zaidi. Kuna kisa cha mabaharia Wachina waliovunjikiwa na chombo karibu na kisiwa hicho na kuoa huko. Mwaka 1999 Nicholas Kristof alikiandikia makala ndefu katika New York Times. Mwaka 2005, China ilipoadhimisha miaka 600 tangu safari ya kwanza ya amiri Zheng He, kijana mmoja wa kisiwa hicho alipata nafasi ya kwenda kusoma China kwa msingi wa nasaba hiyo. Tangu hapo wanahabari wengi wamefunga safari ya Siyu.

Sitaki kuamua hapa kama kisa ni kweli. Ninachouliza ni hiki: mtafiti anayefika leo na kuuliza, "Je, babu zenu walitoka China?" anakusanya nini? Swali lake limebeba jibu lake mgongoni. Aidha, masimulizi anayoyasikia yamekwisha kupitia magazetini na kwenye televisheni, yakarudi kisiwani yakiwa na thamani mpya: ziara, wageni, nafasi za masomo. Hata ufanano wa majina Shanga na Shanghai hutajwa kama ushahidi, ilhali kufanana kwa sauti peke yake hakuthibitishi kitu katika isimu.

Mtafiti mzuri angeanza mbali: "Nisimulieni asili ya mitaa na koo za hapa." Kisha angesikiliza kama Wachina watajitokeza wenyewe, katika kinywa cha nani, na kwa maneno gani. Angeuliza pia kisa hicho alikisikia lini kwa mara ya kwanza na kwa nani. Hapo angepata utafiti mzuri ajabu kuhusu jinsi vyombo vya habari na kumbukumbu za jamii zinavyolishana.

Maneno yasipotee njiani

Sasa tuje kwenye jambo ambalo safu kama hii ina wajibu wa kulisema wazi. Wanafunzi wengi wa mawasiliano hufanya mahojiano kwa Kiswahili, kisha huandika tasnifu kwa Kiingereza. Kati ya kinywa cha mhojiwa na ukurasa wa tasnifu mna vivuko vitatu: kutoka sauti hadi maandishi, kutoka lahaja hadi Kiswahili sanifu, na kutoka Kiswahili hadi Kiingereza. Katika kila kivuko kuna kinachozama.

Lahaja za kaskazini zina sura yake. Kiamu, kwa mfano, husema mayi kwa maji, ndia kwa njia, moya kwa moja, nti kwa nchi. Kisiwani Pate kwenyewe utasikia Kipate, Kisiu, na Kitikuu cha Faza na Kizingitini. Mwanafunzi anayenukuu huku "akisahihisha" hukuza kiburi cha usanifu na kupunguza ushahidi. Nanukuu yangu kwa wanafunzi ni rahisi: mstari wa kwanza, andika alivyosema, mstari wa pili, Kiswahili sanifu, mstari wa tatu, Kiingereza ukilazimika. Usiufute mstari wa kwanza mpaka ukabidhi tasnifu, na hata hapo uutunze.

Chukulia mama anayesema, "Mimi nataka sitara tu." Kwa Kiingereza utachagua neno gani? Ukisema faragha, umeacha heshima. Ukisema heshima, umeacha riziki. Ukisema riziki, umeacha ulinzi wa Mungu. Sitara ina vyote hivyo: paa lisilovuja, mlo usioombwa kwa jirani, aibu isiyotoka nje. Katika usimbaji, yaani hatua ya kuzipa sehemu za data majina ili kuzikusanya katika mada, nashauri neno hilo libaki lilivyo. Wafuasi wa mkabala wa Barney Glaser na Anselm Strauss, ulioanza na kitabu chao cha 1967, wanaruhusu kabisa msimbo kuwa neno la msemaji mwenyewe. Kisha mwanafunzi atumie kurasa mbili kufafanua neno hilo kwa mifano kutoka kwenye mahojiano yake. Hizo kurasa mbili mara nyingi ndizo mchango wake wa kweli kwa taaluma.

Watu wangapi, basi?

Nimefikia swali la mwanzo. Katika utafiti wa kithamano tunazungumzia kufikia ukomo: pale mahojiano mapya yasipoleta wazo jipya. Greg Guest na wenzake walilipima hilo katika makala ya 2006. Walikuwa na mahojiano ya wanawake 60 wa Ghana na Nigeria, na wakaona kwamba sehemu kubwa ya mada ilikuwa imejitokeza katika mahojiano 12 ya mwanzo. Wanafunzi wakisikia 12 hufurahi! Lakini kundi lile lilifanana sana na swali lilikuwa finyu. Ukitaka kulinganisha wavuvi, wafanyabiashara na walimu, wanaume na wanawake, wa Pate mjini na wa Faza, 12 haitoshi. Idadi hutokana na swali na aina za watu, na mtafiti aieleze sababu yake badala ya kuinukuu kama hadithi takatifu.

Je, msomaji ataaminije kazi ya watu wachache? Yvonna Lincoln na Egon Guba walipendekeza vigezo mwaka 1985. Kwa Kiswahili changu: kazi isadikike, mazingira yaelezwe vizuri kiasi kwamba msomaji aweze kupima kama matokeo yanafaa kwingine, hatua zifuatike, na hitimisho litokane na data wala si matakwa ya mtafiti. Njia moja ya kuifanya kazi isadikike ni kuwarudishia wahojiwa ulichoandika ili waseme, "Hapa sawa, hapa hukutuelewa." Kibali cha NACOSTI ni lazima kisheria, lakini kibali hicho ni cha serikali. Ridhaa ya mtu hupatikana kwake, kwa lugha anayoielewa, na ana haki ya kuiondoa.

Kwa anayejiandaa kwenda uwanjani msimu huu, ushauri wangu ni huu. Tenga siku za mwanzo bila kinasasauti. Jua saa za maji kujaa, maana boti za kwenda Mtangawanda hufuata maji na wala hazifuati ratiba yako. Keti barazani usikilize watu wanavyoulizana. Andika shajara kila usiku. Kisha yapitie maswali yako yote uliyoyaandika chuoni, na uyafute yale ambayo hakuna mtu yeyote kisiwani angemwuliza mwenzake kwa namna hiyo. Yatakayobaki yatakuwa machache. Anza na hayo.